Ndala Mdomoni mwa Duara

Kwenye machimbo tuliyoishi, mwanamume hakushuka chini na ndala zake. Alizivua mdomoni mwa duara, maana ndivyo tulivyoliita shimo la kuchimbia dhahabu, akaziweka juu ya kipande cha gunia pamoja na za wenzake, kisha akashuka pekupeku kwa ngazi ya magogo. Kule chini kidole gumba ndicho kinachojua pa kukanyaga. Akipanda, anavaa zake anakwenda zake. Kuvaa za mwenzako lilikuwa kosa la kulipa mbuzi, na hakuna aliyelalamika kwamba mbuzi ni mkubwa mno kwa kosa la ndala. Hakukuwa na daftari pale, wala karatasi ya majina. Duara likiporomoka, watu walihesabu ndala.

Na asiye na ndala hashuki. Msimamizi wa duara letu, mzee mmoja mkavu asiyecheka ovyo, aliwahi kumrudisha mtu nyumbani mwendo wa nusu saa akafuate ndala zake, na mtu huyo alikuwa mkwewe.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwa mke wa mchimbaji kwa miaka kumi na mmoja. Na kwa sababu nilijiona nina akili, nikataka kuitumia sheria hiyo kumfunga mume wangu miguu.

Machimbo yenyewe yalikuwa porini upande wa Chemba. Pikipiki kutoka barabara kuu ilikuchukua saa mbili na kukushusha ukiwa mwekundu kuanzia kope mpaka kucha. Nyumba zetu zilikuwa za miti na turubai. Mchana kutwa zilinguruma karasha, zile mashine za kusaga mawe, mpaka ukazoea kuongea kwa kupaza sauti hata ukiwa kwenu msibani. Mimi ni Mgogo wa Mlali, kule Kongwa. Mume wangu ni Msandawe, na mama yake alikuwa akiishi nasi. Tulikuwa na binti wa miaka saba na mwingine mchanga wa mgongoni. Nilikuwa nikipika uji na maharage nikiwauzia wachimbaji, na mdomo wangu, niseme ukweli, haukuwa na breki. Hata sasa hauna.

Mume wangu na mama yake wakitaka kusema jambo lisilonihusu, walihamia Kisandawe, lugha ile ya kugonga ulimi. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimejifunza kusalimia tu na kuomba chumvi. Nilijiambia sina muda. Ukweli ni kwamba nilikuwa na kiburi, nilitaka wao ndio wanifuate mimi kwenye Kiswahili.

Mwaka ule mvua ilinyesha siku nne mfululizo, jambo ambalo kwetu watu wa Dodoma ni sherehe. Kwa wachimbaji si sherehe. Siku ya tano jua likatoka, na jioni mume wangu akiwa anakula mlenda akaropoka kwamba magogo yanayozuia kuta za duara yamelowa, na kwamba udongo umeanza kudondoka kidogokidogo wakiwa chini. Alisema kama anavyosema mtu kwamba paka kazaa. Halafu akaniona nilivyoacha kutafuna, akajua amekosea kusema.

Nikamwambia asishuke kesho yake. Akasema wenzake wanne wanashuka, na ule mkanda wa jiwe lenye dhahabu wamekwisha kuufikia, atakaa nyumbani kufanya nini, kubembeleza mtoto? Nikasema ndiyo, akae abembeleze mtoto. Akacheka. Pale ndipo nilipompasha. Nilimwambia ana akili ya panya buku, akiona shimo lazima aingize kichwa. Nilimwambia baba yangu alikuwa maskini lakini alikuwa maskini juu ya ardhi. Yeye naye akasema shimo hilohilo ndilo limeninenepesha. Mama mkwe alikuwa anachambua mboga karibu yetu, akajitia hasikii kitu.

Neno moja tu sikulisema, nalo ni kwamba naogopa. Machimboni mke halitamki neno hilo kwa mtu anayeshuka kesho. Ni mkosi. Unaweza kumtukana mumeo, unaweza hata kumrushia mwiko, lakini hofu yako unaimeza. Basi nikaimeza, matusi ndiyo yakatoka. Tukalala mzungu wa nne, miguu yake kichwani pangu, na usingizi sikuupata sawasawa.

Alfajiri, yeye akiwa bado anakoroma, nikachukua ndala zake. Zilikuwa za bluu, kamba moja imefungwa kwa waya. Nikazitumbukiza ndani ya mfuko wa unga wa mtama, nikasukuma kwa mkono mpaka kiwiko kikazama, kisha nikasawazisha unga juu. Nikafunga mtoto mgongoni, nikavaa mabuti yangu ya mpira kwa ajili ya tope, nikabeba dumu kwenda kisimani korongoni. Njiani nilikuwa nacheka peke yangu. Kichwani nilimwona mume wangu anazunguka nyumba pekupeku akitafuta, nilimwona anafika kwa msimamizi na kurudishwa.

Nilirudi jua limeshachomoza. Mume wangu hayupo. Nikakimbilia mfuko wa unga, nikazamisha mkono, nikazigusa. Zipo. Nilifurahi, jamani, nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno kwamba mwanawe kamuaga. Nikamuuliza kaenda wapi. Akasema hakumwambia, kamuaga tu, yeye akiwa bado kalala. Nikamjibu, "Kaenda kununa kwa rafiki zake, mama. Njaa itamrudisha."

Nikakoka moto, nikabandika uji.

Ilikuwa kama saa mbili asubuhi ardhi ilipotikisika. Hakukuwa na kishindo cha kutisha. Kitu kilinipanda kutoka nyayoni, sufuria ikacheza kwenye mafiga, uji ukamwagika pembeni. Halafu karasha moja ikazimwa. Ikazimwa ya pili. Zikazimwa zote, na pori zima likawa kimya. Machimboni kimya hicho hakihitaji mtu wa kukitafsiri. Wanawake walitoka kwenye turubai wakikimbia, wengine kifua wazi, mmoja ana sabuni usoni.

Mimi sikukimbia. Hili nalisema na aibu yake. Nilifunika uji, nikapunguza kuni, nikaenda kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani, mwiko mkononi.

Kuna mstari wa mawe meupe yaliyopangwa kulizunguka duara. Mwanamke haruhusiwi kuuvuka. Walisema dhahabu humkimbia mwanamke, na mwanamke akifika mdomoni mwa duara, jiwe lenye dhahabu linageuka kuwa jiwe tupu. Kwa hiyo tulisimama nje ya mstari, wanawake kama thelathini, wake wa wale wanne wakiwa mbele wanalia. Nilimshika mmoja begani nikamwambia ajikaze. Nilimhurumia kweli. Nilimhurumia kama mtu aliyefunga milango yote ya kwake anavyomhurumia jirani aliyeibiwa.

Kwenye gunia zilikuwapo ndala jozi nne. Wale wanne walikuwa ndiyo kwanza wanashuka wakati ukuta ulipoachia. Wawili walijikokota wenyewe wakatoka, wamejaa udongo mpaka masikioni. Wawili wengine walifukiwa karibu na mdomo, na wanaume walichimba kwa makoleo na kwa mikono mpaka mnamo saa nne wakawatoa, mmoja mfupa wa bega umevunjika, mwingine anatapika tope. Jozi nne, watu wanne. Wake zao walipiga vigelegele huku bado wanalia.

Msimamizi akaja mpaka kwenye mstari wa mawe. Alijua wenye duara ni watano. Wale waliotoka walikuwa wamemwambia hawakumwona mume wangu asubuhi ile, lakini yeye si mtu wa kuacha jambo nusu. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Mama, wa kwako yuko wapi?"

Nikamjibu kwa sauti, ili kila mwanamke pale asikie:

"Wa kwangu hayumo. Ndala zake ninazo mimi."

Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimezificha kwa mkono wangu huu, alfajiri, ili asishuke. Wanaume wakacheka. Kilikuwa kicheko cha watu waliokuwa wamekabwa na sasa wanapumua. Mmoja akasema laiti wote tungekuwa na wake kama huyu, na mimi nikacheka, nikazungusha mwiko hewani. Msimamizi akageuka, akainua mkono, akawaambia waache kuchimba. Alikuwa sahihi kabisa. Kuta zilikuwa bado zinamomonyoka, na hakuna anayemwacha mtu mzima achimbe kwenye hatari kwa ajili ya mtu asiyekuwamo. Nikasikia makoleo yakitupwa juu ya mawe, moja baada ya jingine.

Nikarudi nyumbani. Uji ulikwisha wote, maana watu walikuwa na njaa, na habari ya ndala kwenye unga niliisimulia mara tatu au nne, kila mara nikiongeza chumvi. Niliiga mume wangu anavyotafuta chini ya kitanda. Watu walishika mbavu.

Mama mkwe hakula. Aliketi palepale mlangoni, uso kaelekeza kwenye duara. Mara akaniuliza, "Sasa yuko wapi?" Nikasema atakuja. Baada ya muda akauliza tena, kwa maneno yaleyale. Nikamjibu vibaya. Sikumbuki nilisemaje, ila nakumbuka alivyoinamisha kichwa.

Kwenye saa sita hivi ndipo swali lake lilianza kunitafuna. Duara letu limeporomoka. Machimbo yote yamekuja kutazama, mpaka walevi, mpaka mgonjwa mmoja wa malaria kaja kajifunika blanketi. Mume wangu, ambaye duara ni lake na waliofukiwa ni rafiki zake, hajaonekana. Mtu akinuna, ananuna namna hiyo?

Nikaenda kwa rafiki yake anayechaji simu. Hajamwona tangu jana. Nikaenda kwa vijana wa pikipiki. Hakuna aliyembeba. Nikapanda kwenye kichuguu ambako mtandao ulikuwa unapatikana, nikampigia. Haipatikani. Nikapiga tena, nikapiga tena. Nilijiambia chaji imemwishia. Nilijiambia kaenda Busi kwa shangazi yake, ingawa Busi si mahali pa kwenda mtu pekupeku. Jasho jembamba lilikuwa linanitoka mgongoni, chini ya mtoto, na bado nilikuwa nabishana na nafsi yangu kwamba ndala zimo kwenye unga, ndala zimo kwenye unga.

Nilirudi nyumbani, miguu inawasha kwa kukaa kwenye mabuti tangu alfajiri. Nikayavua mlangoni nioshe miguu, nikatafuta ndala zangu. Zilikuwa za zambarau, na nilikuwa nimeziacha palepale pembeni ya mtungi. Hazikuwapo. Nikamgombeza binti yangu kwamba kazipeleka kuchezea. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anasuka nywele za gunzi la mahindi. Hakuinua kichwa.

Akasema, "Baba kazivaa."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Akasema baba yake alitafuta ndala zake, akazikosa, akavaa za mama, visigino vikabaki nje, akatembea kwa madaha kama mama mpaka yeye akacheka. Baba akamwambia, mwambie mama nimeziazima.

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ulikuwa umekasirika," akasema.

Nilimwona mume wangu anaondoka kwenye turubai letu na ndala za kike miguuni, anacheka, amenishinda. Nami nilikuwa nimesimama mbele ya wanaume hamsini nikiwaambia hayumo.

Nilikimbia na miguu mitupu, mtoto mgongoni analia kwa kutikiswa. Nilipofika kwenye mstari wa mawe sikusimama. Nilisikia wanaume wakipiga kelele, mmoja akanishika khanga niliyojifunga juu ya gauni, ikabaki mkononi mwake. Msimamizi alikuwa amekaa kwenye gogo pamoja na wengine wachache wanajadili namna ya kulifukia duara. Aliinuka kunizuia. Nikamuuliza kama asubuhi kwenye gunia kulikuwa na ndala za zambarau.

Aliwatazama wenzake, kisha akatazama nyuma ya rundo la kifusi, na pale nikajua.

Alieleza baadaye, wala sikumlaumu, maana maelezo yake yalikuwa ya mtu wa palepale. Mume wangu alifika mapema kuliko wote, kabla ya msimamizi kumaliza chai yake, akaacha zile ndala kwenye gunia, akashuka akaingia kwenye tawi lake la kushoto, njia ya pembeni aliyokuwa akiichimba peke yake. Msimamizi alipofika akaona ndala za kike mdomoni mwa duara. Alidhani kuna mwanamke aliyepita usiku kuwatupia mkosi, au watoto wamefanya mchezo. Hakutaka hata kuzigusa. Alizisukuma kwa kijiti, akazirusha nyuma ya kifusi, akatema mate. Ndipo wale wanne wakaja, wakapanga zao, wakashuka.

Mtu mmoja akaenda nyuma ya kifusi akarudi nazo mkononi. Msimamizi alivua shati. Alikuwa mtu wa kama miaka sitini, mbavu zinahesabika. Akachukua koleo, akaingia wa kwanza.

Ilikuwa saa saba mchana. Wameacha kuchimba tangu saa nne.

Hakuna aliyenifukuza. Nilimpa mke wa mmoja wa wale wanne mtoto wangu, nikaingia kwenye mstari wa kupokezana ndoo za udongo. Mama mkwe naye akavuka mawe, akasimama karibu yangu. Kisha wanawake wengine wakavuka, kimyakimya, na mkosi ule uliosemwa miaka yote hakuna aliyeutaja. Nilikuwa napokea ndoo, natoa ndoo, na kichwani nilikuwa nahesabu. Saa tatu. Mtu anaweza kukaa saa tatu? Na kama alikuwa hai saa nne na sasa si hai, aliyemuua ni nani? Nilijiuliza hivyo kwa kila ndoo. Sikumwomba Mungu kitu kingine, nilimwomba tu awe alikufa mara moja asubuhi, au awe hai. Kile cha katikati nisingeweza kuishi nacho.

Saa tisa ukuta ukaachia tena, udongo ukafunika kazi ya saa mbili. Msimamizi mwenyewe alitolewa kwa kuvutwa mikono. Baadhi ya wanaume wakakaa chini. Mmoja, kwa sauti ya kunionea huruma, akasema kwamba mama, kwa kweli, tunachimba maiti, na tutaongeza nyingine. Mimi, mwenye mdomo wangu, nikainamia ndoo yangu.

Mama mkwe ndiye aliyepita mbele. Alipiga magoti ukingoni, akainama mpaka nikaogopa ataanguka, akaita chini kwa Kisandawe. Aliita kwa sauti ambayo sikujua anayo. Kisha akainua kiganja, watu wakanyamaza, karasha zilikuwa kimya, mpaka watoto wakanyamaza. Akaita tena.

Sauti ikajibu. Ilikuwa ndogo, ya mbali, imezibwa, lakini ilikuwa sauti, na ilikuwa inagonga ulimi.

Wanaume waliinuka wote kwa pamoja. Wengine walikuwa wanacheka, msimamizi alikuwa analia waziwazi bila kujifuta. Nikamshika mama mkwe mkono nikamuuliza, "Anasemaje?"

Alikuwa bado anasikiliza. Kisha akasema:

"Anauliza mbona mliacha."

Akanitazama usoni. Halafu akainama tena akamjibu mwanawe kwa lugha yao, maneno mengi, ya upole, kama anayembembeleza mtoto alale. Mpaka leo sijui alimwambia nini.

Walimtoa jua likiwa linazama. Gogo lilikuwa limemlalia mguu wa kulia chini ya goti, na kilichomwokoa ni kwamba tawi lake lilibaki na uwazi wa kutosha mtu kulala kifudifudi na kupumua. Macho yamejaa udongo, midomo imepasuka. Alipopita mbele yangu kwenye machela ya magunia alinyoosha mkono hewani kama kipofu, nikaushika. Mnunuzi mmoja wa dhahabu akatoa gari lake, tukapelekwa hospitali, yeye, mama yake na mimi, mtoto mgongoni, binti tukimwacha kwa jirani, na mkono ule sikuuachia njia nzima.

Mguu walimtibu. Siku ya pili homa ikashuka akaanza kusimulia. Alikuwa amelala chali, mkono wake ndani ya mikono yangu, mama yake kakaa kwenye kiti karibu na dirisha. Alisema kishindo chenyewe hakikumtisha sana, kilikuja ghafla kikaisha. Giza nalo alilizoea. Alisikia makoleo. Aliyasikia yakikaribia, akawa anayahesabu ili asilale, akafika mia mbili na kitu. Alipiga kelele lakini alijua hawamsikii kwa sababu ya zile kelele zao, akaamua kunyamaza, atunze pumzi, maana walikuwa wanakuja. Kisha yakanyamaza.

Akasema alingoja. Alidhani wanabadilishana zamu. Alidhani wanakunywa maji. Alingoja mpaka akaelewa kwamba hawaji, kwamba wamehesabu na kuondoka. Hapo ndipo alipotuaga, mimi na watoto, mmoja mmoja, kwa sauti, kule gizani. Alilia akisimulia. Sikuwahi kumwona analia.

Akageuza uso akaniuliza, "Nani aliwaambia waache?"

Ningeweza kusema msimamizi. Ulikuwa ukweli pia, mkono ulioinuliwa ulikuwa wake. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anajua yote, alisikia kila neno nilipowasimulia wateja wa uji niliyoyasema kwenye ule mstari, na alikuwa na siku mbili za kumwambia mwanawe kwa lugha nisiyoielewa. Hakuwa amemwambia. Aliangalia sakafu, akaniachia mwenyewe.

"Mimi," nikasema.

Nikamweleza yote. Unga, ndala, mwiko, kicheko. Sikuacha kitu, hata uji niliouza baadaye. Nilipofika kwenye kule kuogopa, lile neno nililolimeza, nikalitamka nalo. Mkono wake ukatoka kwenye mikono yangu. Hakuunyakua. Aliutoa polepole, akauweka juu ya kifua chake.

Siku mbili nzima hakusema nami. Aliongea na mama yake tu, Kisandawe, na mimi nilikaa upande wa pili wa kitanda nikisikiliza ndimi zao zinavyogonga, najaribu kukamata walau neno moja, chumvi, salamu, chochote. Nilijutia kila mwaka katika ile kumi na mmoja. Siku ya tatu asubuhi akaniambia kwa Kiswahili kwamba angependa uji, usiwe mzito. Nikatoka nje kuutafuta nikalia ukutani mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa.

Sasa tunaishi Ihumwa, nje kidogo ya mji, karibu na reli. Mguu haukunyooka vizuri, kwa hiyo machimbo basi. Yeye ana genge la nyanya na vitunguu mbele ya chumba chetu, mimi nagonga kokoto uani, maana Dodoma siku hizi kila mtu anajenga. Tunagombana kama kawaida, juu ya ada, juu ya chumvi kwenye mboga. Ile habari hajaniuliza tena, wala hajawahi kunitupia usoni, hata tukigombana vibaya. Mama yake ananifundisha Kisandawe, ananicheka ulimi wangu mzito.

Ila kuna jambo moja. Nyundo yangu inagonga mchana kutwa, ko, ko, ko, na yeye yuko mbele gengeni anapima nyanya, wala hana habari nayo. Lakini nikisimama kufuta jasho, au kutoa kipande cha jiwe kidoleni, hata kabla sijapumua mara tatu, namsikia ameacha kuongea na mteja. Anaita kutoka kule mbele, na sauti yake si ya mtu mzima.

"Upo?"

Nami najibu haraka, nipo, baba watoto, nipo hapa. Siku hizi simngoji aulize. Nikichoka, kabla sijaiweka nyundo chini, namwambia kwanza kwamba napumzika.